Staffrider: Jarida la Wadandiaji

Kiswahili kinacho kitenzi kinacholieleza jina la jarida hili kuliko ufafanuzi mrefu: kudandia. Katika lugha ya mitaa ya Johannesburg, staffrider ni kijana adandiaye treni ya Soweto, akining'inia ubavuni au kupanda juu ya paa. Shirika la uchapishaji la Ravan, lililoasisiwa Johannesburg mwaka 1972, lilianza kulitoa jarida hilo mwaka 1978, miezi michache baada ya serikali ya makaburu kuvipiga marufuku vyama na magazeti ya Weusi Oktoba 1977. Toleo la kwanza nalo likapigwa marufuku.

Ni rahisi kulisoma Staffrider kama hati ya siasa tu. Upya wake ulikuwa katika uhariri. Vikundi vya waandishi vya vitongojini vilijichagulia kazi za kuchapishwa, na jina la mtunzi liliandamana na la mahali atokako. Msomaji wa Kiswahili atayakumbuka mashairi ya Mambo Leo, ambamo mtunzi hutaja jina na mji wake. Lakini kwetu anwani hualika jibu na malumbano. Kule, mahali pa kuishi palipangwa na sheria na kugongwa muhuri katika pasi. Kuandika "Soweto" chini ya shairi kulikuwa kumpokonya karani kalamu. Miriam Tlali aliliendeleza jambo hilo katika safu yake, "Soweto Speaking", iliyowapa wakazi wa kawaida nafasi ya kusimulia maisha na kazi zao.

Hata hivyo, utaratibu huu ulikuwa na gharama. Kikundi kinapojihariri, nani atasema shairi hili ni dhaifu? Kazi nyingi zilirudia polisi, pasi na jela hata wahusika wakabaki kuwa alama. Mwaka 1984 Njabulo Ndebele, akianzia hadithi za Yashar Kemal wa Uturuki, alidai kwamba fasihi ya Afrika Kusini ilikuwa ikiufichua udhalimu bila kuyachunguza maisha ya ndani ya wanaodhulumiwa. Makala hayo yalichapishwa katika Staffrider lenyewe.

Nakubaliana na Ndebele, ila kwa kiasi. Katika "Call Me Not a Man" ya Mtutuzeli Matshoba, ambamo askari wa akiba wanawapora wafanyakazi, uzito hauko katika wizi pekee. Uko pia katika fedheha ya msimulizi anayetazama na kunyamaza. Hayo ni maisha ya ndani, japo yamesimuliwa kwa sauti ya ushahidi. Udhaifu wa wengi usitufanye tusiwasikie wachache waliofika mbali.

Kwetu sisi tunaosoma na kuhariri majarida madogo ya Kiswahili, ughaibuni na nyumbani, somo liko hapo. Tunawasifu chipukizi kwa kuogopa kuwavunja moyo, kisha faraghani tunalalamika kwamba kazi zao hazikomai. Staffrider lilifanya mambo mawili ambayo tumezoea kuyatenganisha: liliwafungulia ukurasa wasiojulikana, na ukurasa uo huo ukabeba hukumu kali juu ya uandishi wa aina yao. Anayeruhusiwa kudandia tu bila kuambiwa ameshika vibaya, ataanguka njiani.