Kazi ya Mikono ya Maggie Aderin-Pocock

Kioo cha darubini kinaweza kusagwa kwa mkono. Unaweka visahani viwili vinene vya kioo, kimoja juu ya kingine, unatia kati yake maji na unga mgumu wenye chenga, unasukuma cha juu mbele na nyuma, unakizungusha kidogo, unarudia. Wiki zinapita. Unga unabadilishwa, kila mara laini zaidi, mpaka kisahani kimoja kibonyee na kupata umbo la kukusanya nuru mahali pamoja. Kosa linaloruhusiwa mwishoni ni dogo kuliko urefu wa wimbi moja la nuru.

Maggie Aderin-Pocock alijifunza kazi hiyo akiwa kijana, katika darasa la kutengeneza darubini huko Camden, London. Alikuwa amenunua darubini ya bei nafuu, nayo ikamwonyesha nyota zenye ukingo wa rangirangi, kwa kuwa lenzi yake haikuweza kukusanya rangi zote pamoja. Akaamua kujitengenezea yake. Baadaye alisomea fizikia Imperial College, akachukua hapo hapo shahada ya uzamivu ya uhandisi mitambo, na tangu 2014 ni mmoja wa watangazaji wa The Sky at Night, kipindi cha astronomia cha BBC kilichoanza 1957. Nami naamini bado anatangaza kama msagaji wa vioo.

Watangazaji wengi husimama kando ya kifaa na kutuambia kimeona nini. Yeye hukuingiza ndani yake. Chukua spektrografu. Nuru ya nyota hupita kwenye upenyo mwembamba, hutawanywa ikawa utepe wa rangi, na juu ya utepe huo huonekana mistari myeusi. Kila elementi ina mistari yake, ndiyo maana mtu aliyeketi hapa duniani anaweza kusema kuna chuma au sodiamu kwenye nyota ambayo hakuna atakayeifikia. Jambo la namna hiyo Aderin-Pocock hulieleza kwa mwili mzima, mikono haitulii, na kile kicheko chake kikubwa huja pale jambo lenyewe linaposhangaza. Anajua anachokisema: alishiriki kuunda spektrografu ya darubini ya Gemini Kusini, kwenye mlima Cerro Pachón nchini Chile, yenye kioo cha upana wa mita 8.1.

Mwaka 2011 BBC ilionyesha filamu yake iliyouliza kama kweli tunauhitaji Mwezi. Swali la kitoto kabisa, na hapo ndipo ulipo ustadi. Mwezi unajitenga nasi kwa takriban sentimita 3.8 kila mwaka. Ukilishika hilo, unaweza kurudi nyuma mwenyewe: zamani ulikuwa karibu zaidi, basi ulivuta bahari kwa nguvu zaidi, na bamvua ya leo ni ndogo mno mbele ya bamvua za enzi zile. Mtazamaji anapewa jambo moja lililo imara, kisha anaachiwa nafasi ya kufikiri.

Alizaliwa London mwaka 1968, wazazi wake wakitoka Nigeria. Alipitia shule 13, na disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, ilimfanya aonekane mzito. Alipomwambia mwalimu mmoja kwamba anataka kuwa mwanaanga, alishauriwa afikirie uuguzi, kwani nao ni sayansi. Katika mazungumzo yake husimulia pia siku darasa lilipoulizwa: ikiwa sentimita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa gramu moja, je, lita moja? Akanyanyua mkono. Akatazama huku na huku, akaona hakuna mwingine, akaushusha. Kisha akaunyanyua tena. Kilo moja. Msichana anayesikia kisa hicho anapiga hesabu palepale pamoja naye, na kwangu hilo lina nguvu kuliko hotuba yoyote ya kumwambia kwamba anaweza.

Mwaka 2024 alipewa heshima ya Dame kwa mchango wake katika elimu ya sayansi na kuwafungulia milango watu wa kila namna. Alistahili, ingawa mimi humpima kwa maelezo yake. Chukua mfano mmoja zaidi: darubini ya anga ya James Webb inabeba spektrografu iitwayo NIRSpec, kifaa ambacho naye alikifanyia kazi. Kifaa hicho hufanya kazi kwenye baridi ya takriban nyuzi -233 za Selsiasi. Kwenye baridi hiyo vyuma hunywea, na kila kimoja kwa kiasi chake, kwa hiyo vioo vilivyopangwa sawasawa kiwandani vingepotoka angani. Wahandisi wakachagua kauri ya silikoni kabidi kwa vioo na kwa fremu inayovishika, ili vyote vinywee kwa pamoja. Hiyo ni kazi halisi yenye mshahara na meza yake, na binti aliyeelewa kwa nini vioo vingepotoka ameshaianza.