A-unganifu katika Violezo vya Tovuti

Kiolezo cha tovuti hupitia sehemu maalumu zilizojazwa, kama vile Mkoa, Wilaya na Mji, na kuzionyesha zote kwa mtindo mmoja. Hesabu yake ni sahihi; kasoro imo katika sarufi. Mtungaji akiweka "ya" moja kwa zote, "Wilaya ya Momba" itatoka sawa, walakini itafuatana na "Mkoa ya Songwe" na "Mji ya Tunduma". Yafaa a-unganifu iondolewe katika mzunguko, ihifadhiwe pamoja na nomino yake: "Mkoa wa", "Wilaya ya", "Kijiji cha". Upatanisho hutawaliwa na ngeli, wala si na mashine. Kosa lirudiwalo kila ukurasa, mwanafunzi hulidhania kuwa ndiyo kanuni.