Alama tano nilizomkata mtu kwa sababu ya fonti

Muhula uliopita nilimkata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alama tano kwa "mpangilio mbovu wa slaidi". Kichwa kilikuwa kimeshuka mstari wa pili na kuifunika picha, na jedwali la matokeo limebanana hadi tarakimu zinapandana. Baada ya kipindi akanifuata na kompyuta yake. "Mwalimu, kwangu ipo sawa kabisa." Na kweli ilikuwa sawa. Kazi yake aliitengeneza kwenye Impress ya LibreOffice, programu ya bure, akaihifadhi kama pptx. Kompyuta ya darasani ina PowerPoint. Nilimrudishia alama zake, lakini swali halijaniachia: kabla yake nilishawakata wangapi?

Kuelewa kilichotokea, fanya jaribio dogo. Nakili faili lolote la pptx, badilisha mwisho wa jina liwe zip, kisha ulifungue. Ndani utakuta folda ya ppt, humo kuna slides, na humo kuna slide1.xml, slide2.xml na wenzao. Hakuna picha ya slaidi yako mle. Kuna maelekezo tu: kisanduku hiki kiwe hapa, kiwe na upana huu. Vipimo ni vya kina ajabu, maana sentimita moja imegawanywa vipande 360,000. Ukifika kwenye fonti sasa, kumeandikwa jina tu. Yaani ni kama kumpelekea fundi cherehani vipimo vya gauni hadi milimita, halafu kitambaa umemtajia jina. Kama hana kitambaa hicho, atashona kwa alichonacho.

Mwanafunzi wangu alichagua Carlito, na hapa ndipo pananiuma zaidi. Carlito ilitengenezwa makusudi ili herufi zake ziwe na upana uleule wa Calibri, fonti ambayo Office iliitumia kama chaguo-msingi tangu toleo la 2007. Ukifungua faili la Calibri kwenye kompyuta isiyo nayo, LibreOffice inaweka Carlito na mistari inabaki mahali pake. Kazi safi. Ila daraja hilo ni la kwenda tu. PowerPoint ya darasani haikulijua jina Carlito, ikaweka fonti nyingine iliyo pana zaidi, na slaidi zote zikafura.

Wapo wanaosema suala hili lilishamalizwa kwa sababu pptx ni kiwango cha kimataifa. Ni kweli, ni ISO/IEC 29500 ya mwaka 2008, maelfu ya kurasa. Kilipitishwa kwa ugomvi: Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zilikata rufaa, zikashindwa. Na kumbe kiwango chenyewe kina sura mbili, moja kali na moja "ya mpito", iliyobeba tabia za mafaili ya zamani. Ukihifadhi kwenye PowerPoint bila kugusa mipangilio, unapata ile ya mpito. Mpito gani huu usiofika, jamani?

Siwaachi watu wa LibreOffice pia. Maandishi yakizidi kisanduku, programu zote mbili zinaweza kuyapunguza zenyewe, lakini kila moja ina hesabu yake. Hapo hata fonti zikiwa zilezile, mistari inaweza kukatika tofauti. Google Slides nayo ina orodha yake ya fonti. Isiyokuwamo inabadilishwa kimyakimya. Ukimya huo ndio kosa ninalowahesabia wote. Programu inajua haina fonti iliyotajwa. Ingeniambia hivyo kwa herufi kubwa nilipofungua lile faili, nisingemkata mtu alama.

Ushauri tuliouzoea ni "tuma PDF". Mimi mwenyewe natuma PDF, kwa kuwa kwa kawaida inabeba fonti ndani yake. Lakini mijongeo inakufa, na kikundi cha watu watano kinachorekebishana kazi usiku wa kuamkia wasilisho hakiwezi kuishi kwa PDF. PowerPoint ina chaguo la kupachika fonti ndani ya faili. Limezimwa mpaka ulitafute, na si kila fonti inaruhusu kupachikwa.

Kwa sasa nimefanya mawili. Siku moja kabla ya mawasilisho, kila kikundi kinaruhusiwa kuja kufungua faili lake kwenye kompyuta ya darasani, dakika tano tu. Na nimeiomba idara ikubali PDF pamoja na faili la kuhariri, la programu yoyote. Mwongozo wa muhula huu umetoka juzi. Unasema pptx tu, na kwamba mpangilio wa slaidi una alama tano.