Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Uzee na Ugeni katika Riwaya Mbili za Kijapani

Mwaka 2014 zilichapishwa nchini Japani riwaya mbili fupi zinazostahili kusomwa sambamba: Kentōshi ya Yoko Tawada, ijulikanayo kwa Kiingereza kama The Emissary, na JR Ueno-eki Kōen-guchi ya Yu Miri, ambayo tafsiri yake ya Kiingereza huitwa Tokyo Ueno Station. Ni rahisi kuisoma ya kwanza kama onyo kuhusu uharibifu wa mazingira, na ya pili kama kilio cha maskini. Makala haya yanashikilia kwamba swali la msingi la riwaya zote mbili ni moja: jamii inayojivunia kuwa ya damu moja na lugha moja humwita nani mgeni?

Swali hilo si la kubuni. Idadi ya watu wa Japani ilifikia kilele cha takriban milioni 128 karibu na mwaka 2008, nayo imekuwa ikipungua tangu hapo. Takriban watu 29 katika kila 100 wametimiza au kupita umri wa miaka 65, na mwaka 2024 watoto wa Kijapani waliozaliwa hawakufika 700,000. Sheria iliyoanza kutumika Aprili 2019 ilipanua nafasi za wafanyakazi wa kigeni katika mashamba, ujenzi na utunzaji wa wazee. Lakini wenye kibali cha daraja la kwanza waliwekewa kikomo cha miaka 5, wala hawakuruhusiwa kuja na familia zao. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika methali hiyo jembe ni ishara kwamba mgeni amekuwa mtu wa nyumbani. Sheria hii humpa mgeni jembe siku ya kwanza na kumnyima nyumba.

Katika Kentōshi, Tawada anasawiri Japani iliyojifungia baada ya janga kubwa, kama ilivyojifungia zama za Tokugawa tangu karne ya 17 hadi katikati ya karne ya 19. Vikongwe hawafi, wanaonyauka ni watoto. Yoshiro, aliyepita umri wa miaka 100, hukimbia kila asubuhi, ilhali kitukuu chake Mumei hutembea kwa taabu na hukamuliwa maji ya chungwa. Kinaya chake ni kikali: maisha marefu, ambayo kila jamii huyaomba kama baraka, yamegeuka adhabu, kwani mzee hutazamia kumzika mtoto.

Ustadi wa Tawada unadhihirika zaidi katika suala la lugha. Maneno ya kigeni yametupwa, na Yoshiro, ambaye ni mwandishi, ameizika riwaya yake mwenyewe kwa kuwa imejaa majina ya miji ya ng'ambo. Mwili na msamiati vinadhoofika pamoja. Msomaji wa Kiswahili atalielewa jambo hili upesi. Wareno walioacha meza na leso katika lugha ya pwani ya Afrika Mashariki ndio walioacha pan, yaani mkate, katika Kijapani. Atakaye Kiswahili safi kwa maana hiyo hana budi kuzika pia kitabu, shule, na hata jina lenyewe la Kiswahili.

Yu Miri alizaliwa Japani katika familia ya Kikorea, akahesabiwa mgeni katika nchi aliyozaliwa. Hata hivyo, mhusika wake mkuu si Mkorea. Kazu ni Mjapani wa Fukushima, aliyezaliwa mwaka 1933 sawa na Mfalme Akihito. Alifanya kibarua Tokyo wakati wa ujenzi wa Olimpiki ya 1964, akaishia kulala katika bustani ya Ueno, ambamo wasio na makao huondolewa familia ya kifalme inapozuru. Damu anayo, lugha anayo, nasaba anayo. Bado ni mgeni, naye anasimulia akiwa mzimu. Kwa uteuzi huu Yu anabomoa hoja ya umoja wa damu kutoka ndani.

Hata hivyo, jozi hii ina pengo. Mvietnamu wa shambani, Mfilipino anayemwogesha kikongwe, Mbrazili mwenye asili ya Kijapani aliyeajiriwa kiwandani baada ya sheria ya 1990: hakuna kati yao aliyepewa usimulizi. Tawada anakaribia pale Mumei anapoteuliwa kupelekwa kwa siri Madras, India, ili mwili wake uchunguzwe. Methali ya mgeni njoo mwenyeji apone inapinduliwa, kwani sasa mwenyeji ndiye anayetumwa ugenini kutafuta dawa. Lakini yule aliyekwisha kuingia mlangoni, na ambaye mkono wake ndio unaomlisha mzee, bado hajasema neno. Mpaka asikike, uhakiki wa jamii hii utakuwa umesikiliza upande mmoja wa nyumba.