Mcheza Kwao Hutunzwa: Je, Mwigizaji wa Sauti kutoka Macaloe Atachezea Wapi?



"Mcheza kwao hutunzwa," walisema wahenga. Methali hii tumeifundisha darasani miaka nenda miaka rudi, na mara nyingi tumeifafanua kwa wepesi: mtu akionyesha ufundi wake mbele ya watu wake, watu hao humtuza. Makala haya yanakusudia kuuliza jambo ambalo methali haikuliuliza. Je, mtu ambaye kwao hakuna uwanja wa kuchezea atatunzwa na nani? Tutalijadili swali hili kwa kuhakiki kazi ambayo baadhi ya wanafunzi wetu wanaiota siku hizi, nayo ni kazi ya uigizaji wa sauti: michezo ya redio, tamthilia za kigeni zinazowekewa sauti za Kiswahili, na usimulizi wa filamu.

Tuanze mbali na Dar es Salaam na Nairobi ili tuyaone mambo vizuri. Macaloe ni kisiwa kidogo cha wavuvi katika visiwa vya Kirimba, kwenye pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji. Lugha ya pwani ile ni Kimwani. Wataalamu hawajakubaliana kama Kimwani ni lahaja ya Kiswahili au ni lugha jirani iliyokunywa Kiswahili kwa karne nyingi, lakini Mswahili yeyote akikisikia atatega sikio, maana anakaribia kuelewa. Chukulia kijana wa Macaloe mwenye kipaji: anaiga sauti za wazee, anasimulia ngano hadi watoto wanasahau kulala. Nyumbani anasema Kimwani, shuleni anasoma Kireno, na Kiswahili anakipata kwa wafanyabiashara, kwa muziki na kwa redio za ng'ambo ya Ruvuma. Kijana huyu anataka kula kwa sauti yake. Milango iliyo mbele yake ni mitatu.

Mlango wa kwanza ni Kireno. Hii ndiyo lugha rasmi ya Msumbiji tangu uhuru wa mwaka 1975, na ndiyo lugha ya michezo mikubwa ya redio ya taifa. Mchezo wa Ouro Negro, ulioanza mwaka 2015 kwa ushirikiano wa Radio Moçambique na UNICEF, ni mfano mmojawapo. Lakini Kireno cha kwenye kipaza sauti ni cha mjini, na kutoka Macaloe hadi Maputo ni mwendo unaoshinda ule wa kutoka Dar es Salaam hadi Kampala.

Mlango wa pili ni Kimwani chenyewe. Radio Moçambique ina matangazo ya Kimwani katika mkoa wa Cabo Delgado, na miji ya pwani imekuwa na redio za jamii. Hapa ndipo kijana wetu angekuwa "kwao". Tatizo ni kwamba redio za jamii huendeshwa zaidi kwa kujitolea kuliko kwa mshahara. Isitoshe, tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya tarehe 5 Oktoba 2017, kushika kipaza sauti katika mkoa huo kumekuwa jambo la hatari. Januari 2019, Amade Abubacar wa redio ya jamii ya Nacedje, Macomia, alikamatwa akiwahoji watu waliokimbia makwao, akawekwa kizuizini zaidi ya miezi mitatu. Tarehe 7 Aprili 2020, Ibraimo Mbaruco wa redio ya jamii ya Palma alitoweka akirudi nyumbani kutoka kazini. Ujumbe wake wa mwisho kwa simu ulisema amezungukwa na askari. Ilipofika mwaka 2022, watu waliohama makazi yao kwa sababu ya vita walikaribia milioni moja. Miongoni mwa hao wamo wasikilizaji wa Kimwani. Hadhira ikitawanyika, mchezo hauna uwanja.

Unabaki mlango wa tatu, nao ni Kiswahili. Mlango huu unatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa lugha hii, kwa sababu baadhi ya funguo zake tunazo sisi.

Kwa maneno, mlango uko wazi. Agosti 2019 SADC, ambayo Msumbiji ni mwanachama wake, ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Historia nayo iko upande wetu: FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na sauti yake iliwafikia Wamsumbiji kwa mawimbi ya redio kutoka Tanzania. Pwani ile imeizoea sauti inayotoka kwetu. Je, sisi tumewahi kuizoea sauti inayotoka kwao?

Tuuangalie uwanja wenyewe. Mchezo wa redio wa Kiswahili uliochunguzwa sana na watafiti ni Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993 ukiwa na ujumbe wa uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Mhusika wake Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, alijulikana nchi nzima isipokuwa eneo la Dodoma, ambako kwa miaka miwili mchezo haukurushwa ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Kisanaa, mchezo ule ulifaulu kwa sababu Mkwaju alikuwa mtu, hakuwa bango la afya. Lakini kwa upande wa ajira ulituachia mazoea ya mashaka: mwigizaji hulipwa na mradi, na mradi una mwanzo na mwisho. Fedha zikikoma, wahusika hufa hata kama wasikilizaji bado wanawapenda. Kijana anayeingia fani hii leo anakuta hali hiyohiyo. Leo ni mchezo wa malaria, kesho wa uchaguzi, keshokutwa hakuna.

Uwanja mpya ni tamthilia za kigeni. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, ikiwa na sauti za Kiswahili. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam Machi 2013. Mwaka 2016 kampuni ya StarTimes iliendesha shindano la kutafuta sauti, Dar es Salaam na Zanzibar, na washindi wakapelekwa kufanya kazi Beijing. Azam TV nayo imezoesha watazamaji kuwasikia masultani na mashujaa wa Kituruki wakizungumza Kiswahili sebuleni. Kwa mara ya kwanza, mtu aliweza kusema "kazi yangu ni sauti" bila ya kuchekwa.

Hapana budi tuyapongeze maendeleo hayo. Hata hivyo, mhakiki akisikiliza kwa makini atagundua kasoro moja inayorudiarudia. Katika nyingi ya tamthilia hizi watu wote wanasema Kiswahili kimoja. Bibi kizee wa shamba, daktari wa mjini, kijana mhuni na mfalme wanatofautiana kwa unene wa sauti tu. Msamiati wao, lafudhi yao na mapigo yao ya usemi ni yaleyale. Sarufi haina dosari, upatanisho wa kisarufi umekaa sawa, lakini wahusika wamenyooshwa kama nguo zilizopigwa pasi. Bibi kizee asiye na methali, asiyekatiza maneno ya mkwewe, asiye na neno moja la kwao, ni msomaji wa taarifa ya habari aliyevaa kanga.

Linganisha na mabanda ya video, yale tunayoyaita vibanda umiza. Huko alitamba Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyefasiri filamu za kigeni kwa sauti yake mwenyewe, kwanza mbele ya watazamaji na baadaye katika kanda na diski. Mtu mmoja alikuwa wahusika wote. Alifupisha, aliongeza, alitania, aliwaeleza watazamaji mambo ambayo filamu yenyewe haikuyasema. Kwa mizani ya tafsiri, kazi yake ilikuwa na makosa tele, na kwa mizani ya hakimiliki, usimulizi wa namna hiyo umekuwa na matatizo ambayo hatuwezi kuyafumbia macho. Lakini kwa mizani ya uigizaji, watazamaji walitoa hukumu yao kwa kulipa kiingilio. Walichokipata kule na ambacho studio za leo hukikosa mara nyingi ni usemi wenye mwenyewe.

Hapa tunafika kwenye kiini cha hoja yetu. Kijana wa Macaloe akienda kwenye usaili, ataambiwa nini? Ataambiwa ana "lafudhi". Kana kwamba waliobaki hawana! Na akikubaliwa, yumkini atapewa nafasi ya kuchekesha. Wasikilizaji wa vichekesho vya Tanzania wanajua jinsi lafudhi ya Kimakonde inavyotumika kumtambulisha mlinzi wa geti hata kabla hajasema jambo la maana. Lafudhi ya kusini huingia jukwaani kupitia mlango wa kicheko na kutokea humohumo.

Isidhaniwe kwamba tunapinga lafudhi kutumika katika vichekesho. Benson Wanjau, tuliyemfahamu kama Mzee Ojwang' wa Vitimbi katika televisheni ya KBC, hakuwa Mjaluo, lakini Kiswahili chenye ladha ya Kijaluo alichokiigiza kilimfanya apendwe na Wakenya wa makabila yote. Lafudhi ile ilikuwa ufundi alioujenga. Tofauti ni hii: mwigizaji aliye na uwezo wa kuchagua huvaa lafudhi na kuivua, ilhali kijana aliyezaliwa nayo huambiwa aivue kwanza ndipo apewe kazi, au aivae daima ili achekwe. Tuongeze kwamba hata umaarufu wa Ojwang' haukumkinga na shida. Mwaka 2014 ilibidi mashabiki wachange fedha za matibabu ya macho yake, naye alifariki Julai 2015. Aliyecheza kwao alitunzwa kwa makofi, na makofi hayalipi hospitali.

Wajibu wetu sisi walimu uko wapi? Tukumbuke kwamba Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Msumbiji, iliyokuwa chini ya Wareno, haikuwamo. Kwa hiyo msemaji wa Kimwani anapimwa kwa kipimo ambacho watu wake hawakushirikishwa kukitengeneza. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi nimekata alama za "matamshi" katika mazoezi ya kusoma tamthilia kwa sauti, bila ya kujiuliza kama msomaji hakusikika au kama alisikika vizuri ila alisikika kuwa wa kwingine. Hayo ni mambo mawili tofauti. La kwanza ni kosa la ufundi. La pili si kosa.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Tamthilia inayorushwa Bukoba, Lamu na Bukavu lazima ieleweke kote, na mwenye fedha hataki kupoteza watazamaji. Ni kweli. Msimulizi na atumie Kiswahili Sanifu. Lakini kueleweka hakudai usawa wa sauti zote. Kijana anayesema "munu" pale tunaposema "mtu" anaweza kufuata muswada wa Kiswahili Sanifu na kubaki na mapigo ya pwani yake, na mtazamaji wa Bukoba atamwelewa kwa raha, kama alivyomwelewa Ojwang'.

Tunapendekeza basi mambo matatu. Kwanza, tunaposahihisha usomaji wa tamthilia tutenge alama za usikivu na za asili ya lafudhi, na hizo za pili tuzifute kabisa. Pili, katika mazoezi ya darasani mhusika mwenye lafudhi asiwe mlinzi na mpishi tu. Awe hakimu, mpenzi, mama anayelia. Tatu, tuwafundishe wanafunzi kusoma mkataba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inawatambua wasanii watendaji, lakini haki isiyojulikana na mwenyewe ni sawa na haki isiyokuwapo. Mwanafunzi aulize: nalipwa kwa siku, kwa kipindi, au kila kinaporudiwa? Je, sauti yangu inaweza kunakiliwa na kompyuta ikaendelea kufanya kazi mimi nikiwa nyumbani? Waigizaji wa Marekani waligoma mwaka 2023, na hilo lilikuwa miongoni mwa madai yao. Wenzao wa Afrika Mashariki husaini wakiwa peke yao, mara nyingi wakiwa wamesimama mlangoni.

Hatudai kwamba hatua hizi zitaleta ajira kwa wote. Studio ni chache, fedha ni chache, na kijana wa Macaloe bado ana bahari, mpaka na vita mbele yake. Tunachosema ni kwamba, akifanikiwa kuvuka hayo yote, lisiwe somo letu ndilo linalomrudisha. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kazi ya idara kama yetu ni kukifanya Kiswahili kuwa kwao pia.