Picha Inapokosea: Kitabu cha Wright Kikisomwa Rumonge

Mwalimu wa Kiingereza anayetaka kutumia picha kufundisha stadi ya kuzungumza hatakosa kuelekezwa kwenye kitabu cha Andrew Wright, Pictures for Language Learning, kilichotolewa na Cambridge University Press mwaka 1989. Hoja yake moja ingali na nguvu: picha huweza kuelezwa kama ilivyo, kufasiriwa, au kuzungumziwa kwa jinsi inavyomgusa mtazamaji.

Wengi wetu huishia hatua ya kwanza. Mwalimu huinua picha ya mtumbwi, darasa zima hujibu “This is a boat”, nasi tunaliita somo la mazungumzo. Mtu mzima hana sababu ya kumweleza mwenzake kitu ambacho wote wawili wanakiona.

Tuchukue mfano wa Rumonge, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi. Tangu nchi hiyo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiingereza kufanywa lugha rasmi mwaka 2014, watu wazima wana sababu ya kukitafuta. Wavuvi wa ndagala (dagaa, kwa msomaji wa Tanzania) huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hizo hazivuti samaki vizuri. Basi mwalimu achore mitumbwi yenye taa chini ya mwezi mpevu, halafu anyamaze. Mvuvi hatavumilia kosa hilo. Atabisha, pengine kwa Kiswahili kwanza, na aachwe abishe. Baada ya hapo aombe maneno ya Kiingereza ya kumsahihisha mchoraji. Hapo mjuzi ni mwanafunzi, naye mwalimu ni mkalimani tu.

Hatua ya tatu ya Wright, ile ya hisia, ndiyo inayonipa wasiwasi. Picha ya familia mbele ya nyumba imo karibu katika kila kitabu cha kiada, pamoja na swali la “nyumba yako ikoje?” Rumonge wapo waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, wakarejea miaka mingi baadaye na kukuta mashamba na michikichi yao mikononi mwa wengine. Migogoro hiyo ya ardhi ilifika mbele ya tume na mahakama. Aliyerejea na aliyekuwa akiishi katika kiwanja hicho wanaweza kukaa dawati moja. Swali linaloonekana jepesi jijini London huweza kulinyamazisha darasa zima, na mwalimu mgeni akadhani kwamba wanafunzi wake ni wazito wa lugha.

Sisemi picha hiyo itupwe. Ila swali liwe juu ya watu wa pichani: nani anatoka, nani anaingia, mzigo ule una nini? Neno “yako” mwalimu aliache mpaka mwanafunzi mwenyewe alitamke.