Nyeupe ya Kweli

Huko Mwadui, kwenye mgodi wa almasi wilayani Kishapu, rangi ni pesa. Almasi isiyo na rangi kabisa hupewa daraja la D, na kadiri umanjano unavyoongezeka daraja hushuka kuelekea Z. Mpangaji wa almasi hulilaza jiwe kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, akaliweka kando ya mawe ya mfano, chini ya taa inayoiga mwanga wa mchana. Taa ikiwa na ubuluu kidogo tu, umanjano hujificha na jiwe hafifu likapita kwa jina kubwa. Mwaka 1947 mgodi huo ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo mwenye mgodi, John Williamson, alimzawadia Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Chini ya taa nyekundu, waridi lile lisingetofautiana na jeupe.

Nimeanza na mpangaji wa almasi ili nimsifu ndugu yake asiyesifiwa: fundi taa wa jukwaani. Watu humjua kwa nyaya, ngazi na jenereta. Kazi yake kubwa hawaioni, nayo ni kutafuta nyeupe ya kweli.

Balbu ya zamani ya uzi ilitoa rangi zote mfululizo, ingawa ilielemea manjano. Taa nyingi za LED za jukwaani zina vijicho vya nyekundu, kijani na bluu, na kila kimoja hutoa kipande chembamba tu cha mwanga. Viwashe vyote pamoja, ukuta utakuwa mweupe na macho yataridhika. Lakini kati ya kijani na nyekundu pana upungufu, na hapo ngozi ya binadamu ina mengi ya kuonyesha. Mwimbaji mweusi wa kung'aa hupauka ghafla, na kitenge cha rangi ya chungwa hubadilika kikawa kingine. Hata alama ya CRI, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu, iliyoandikwa kwenye boksi haitoshi: ni wastani wa rangi 8 zilizopoa, na nyekundu iliyokolea, ambayo ni ya 9, haimo. Taa inaweza kupata alama 80 na bado ikaunyima uso damu yake.

Kwa hiyo fundi mahiri huanza kwa kusubiri. Kijicho chekundu hupoteza nguvu zaidi kwa joto kuliko cha bluu, hivyo nyeupe iliyopangwa taa zikiwa baridi itakuwa na ubuluu kwaya ikifika wimbo wa tatu. Taa zikishapata moto, huweka karatasi nyeupe mahali atakaposimama mwimbaji, akawasha taa moja moja. Kila rangi ina ngazi kuanzia 0 hadi 255. Hapa anapunguza kijani, pale anaongeza nyekundu, kwa sababu taa mbili za kiwanda kimoja hazifanani. Kisha huifunga kamera kwenye nyeupe hiyohiyo, maana kamera ikiachwa ijirekebishe yenyewe itaivuruga kazi yote.

Mwisho humwita mtu asimame. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Kwa miaka mingi Kodak ilisambaza kadi zilizoitwa za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, na wasafishaji wa picha wakasawazisha rangi kwa kufuata ngozi yake. Nyuso nyeusi zikazama gizani, na wengi wakadhani ndivyo zilivyo. Fundi wa Shinyanga anayemwambia dada wa sauti ya kwanza, "Simama hapo, dada, nitazame," na kugeuza vitufe mpaka uso ule ufanane na alivyouona nje saa kumi alasiri, amemfanya dada huyo kuwa kipimo. Mimi nauhesabu huo kuwa ufundi wa haki, na sioni sababu ya kuuweka chini ya ule wa Mwadui.

Viongozi wa kwaya, waandaaji wa matamasha, wenye kumbi: mpeni fundi wenu saa moja ya giza kabla ya watu kuingia. Mleteeni sare moja na mwimbaji mmoja, wala msimharakishe.